Mnazi haumwagi maji shinani ila juu tembo linadondoka

Kuna swali huwa linanirudia nikiwa pande za Kaloleni. Mnazi unapandisha maji hadi huko juu, mita 20 na zaidi, sasa mbona ukiupiga panga shinani hakuna kinachomwagika? Wagema wanachonga vipandio toka chini mpaka juu, shina zima makovu matupu, na hata tone hulioni, halafu mgema huyo huyo akifika kileleni akapitisha kotama, kisu chake, kwenye ncha ya karara, lile kole la maua, tembo linaanza kudondoka tone tone mpaka kibuyu kinajaa.

Ni kwamba ndani kuna mirija ya aina mbili. Zailemu ndo ya maji, na maji yake hayasukumwi, yanavutwa. Jua likiwaka majani yanatoa mvuke, na kwa vile maji yanashikana, yanayotoka yanayavuta ya nyuma yake hadi mizizini. Ukikata hapo hewa ndo inaingia, maji hayatoki. Pampu ya kuvuta ya kisima haipiti mita 10 hivi, mnazi unapita hapo kimya kimya.

Floemu ndo kinyume. Majani yakitengeneza sukari inaingizwa humo, maji yanaifuata toka zailemu ya jirani, presha inapanda, utomvu unasukumwa kunakohitajika, iwe mizizini, kwenye madafu au kwenye karara lenye maua machanga. Mjerumani Ernst Münch alilieleza hilo kwenye kitabu chake cha 1930. Yaani tembo ni chakula kilichokuwa kinaenda kulea nazi, mgema kakikinga njiani tu.

Ila mmea nao una akili, ukiumia unaziba mirija yake, ndo maana jamaa anapanda asubuhi na jioni kukata kipande kingine chembamba.

Na vile vipandio haviui mnazi kwa sababu mirija imetapakaa shina zima. Mwembe sasa, floemu yake iko chini ya gome tu, ukilibandua kuzunguka shina sukari haishuki tena, mizizi inaanza kufa njaa huku majani juu bado mabichi kwa sababu maji yanaendelea kupanda. Mwembe wangu mbuzi wa jirani wameuguguna gome pande zote, na jirani mwenyewe ananiambia eti mbona uko kijani, acha kulalamika. Haya, ngoja msimu upite.