Nilivyokataa kukatwa asilimia 30 ya malipo yangu

Nilipopata kazi ya mkataba kwa kampuni ya Marekani, nikiifanyia nyumbani kwangu mbali na huko, nilishauriwa na watu wawili. Wa kwanza alisema, "Hela inatoka nje, kodi haikuhusu." Wa pili akasema, "Watakukata asilimia 30, kubali tu, ndiyo sheria yao." Wote walisema kwa kujiamini, na wote walikosea. Inaniudhi kwamba hadi leo watu wanarithishana maneno hayo.

Kitengo cha uhasibu cha mteja kilinitumia fomu W-9. Fomu hiyo ni ya raia wa Marekani na wale wanaohesabiwa kuwa wakazi wa huko kwa ajili ya kodi, na ukiisaini umetangaza kisheria kwamba nawe ni mmoja wao. Nikakataa. Jibu likaja: kama ni mgeni, basi asilimia 30 itazuiwa. Nikawaandikia barua pepe ndefu, nimepanga hoja zangu vizuri sana, na jibu lilikuwa lile lile walilonitumia mwanzo, neno kwa neno.

Hapo nikaelewa kwamba mhasibu hashindwi kwa hoja. Yeye anachoogopa ni kukaguliwa siku moja akiwa hana karatasi ya kuonyesha. Basi nikampa karatasi. Niliichukua Publication 515, mwongozo wa IRS wenyewe, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, kuhusu kodi ya zuio (ile inayokatwa na mlipaji) kwa wageni, nikamwekea alama pale panapoeleza kwamba malipo ya kazi ya mtu huhesabiwa yametokea pale kazi ilipofanyika, si pale mlipaji alipo. Kazi ikifanyika nje ya Marekani, mapato si ya Marekani, na ile asilimia 30 haina pa kukaa. Nikaambatanisha W-8BEN niliyoisaini, fomu ya mtu asiye mkazi wa Marekani kwa ajili ya kodi, nikaomba mkataba uongezwe kifungu kinachosema kazi yote inafanyika nje ya Marekani, na kila ankara nikaiandikia maneno hayo hayo chini ya jumla. Malipo yaliyofuata yaliingia kamili. Nilifurahi kupita kiasi!

W-8BEN unampa mlipaji, huipeleki IRS. Kwa kawaida inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini: ya 2025 inaisha tarehe 31 Desemba 2028. Anayefanya kazi kupitia kampuni yake ana fomu nyingine, W-8BEN-E. Na wakikualika ofisini kwao ukafanye kazi huko hata kwa wiki moja, waulize mapema, maana mapato ya siku hizo yanahesabiwa ya Marekani.

Mkataba wenyewe nao ulikuwa na mambo. Walinitaka kazini saa zile zile kila siku, nisichukue mteja mwingine, na niombe ruhusa ya likizo. Hiyo ni ajira iliyovuliwa marupurupu. IRS hutazama nani anaamua kazi ifanyikeje, nani anashika upande wa fedha, na uhusiano wenyewe ukoje. Jina lililoandikwa juu ya mkataba peke yake haliamui. Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber walioifungulia kesi walikuwa wafanyakazi wenye haki zao, ingawa mikataba ilidai vingine. Nikawaambia wachague: waniajiri, au waniachie saa zangu na wateja wangu. Vifungu hivyo vikafutwa.

Kwenye bei nilitumia hesabu yao wenyewe, na hapa najisifu kidogo. Mwajiri wa Marekani humlipia mfanyakazi wake asilimia 7.65 juu ya mshahara, yaani 6.2 ya hifadhi ya jamii na 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee. Kwangu hawalipi. Nikaorodhesha na likizo, bima ya afya, kompyuta, na siku za kuumwa zisizolipwa, nikapandisha bei kama theluthi hivi juu ya mshahara ambao wangenipa. Hawakubishana, kwa sababu kila mstari waliujua.

Huku ninakoishi nalipa kodi kama kawaida. Mkazi anayefanya kazi nchini mwake hatoki kwenye kodi eti kwa sababu mteja yuko ng'ambo. Hakuna mwajiri wa kunikatia juu kwa juu, kwa hiyo siku ile ile malipo yanapoingia nahamisha sehemu kubwa kidogo kwenda akaunti nyingine nisiyoigusa, na kodi ya awamu inatoka huko. Risiti za intaneti na vifaa naziweka zote, kwani ninachotozwa kodi ni faida, si kila kilichoingia. Michango ya uzeeni pia najilipia, kila mwezi, hata mwezi wa kazi chache.