Mnasema nimerudi na adabu

Tangu nishuke Tanga kutoka Afghanistan kila mtu ana neno moja. Wifi kasema, muuza mihogo wa Ngamiani kasema, hata konda wa daladala: mama, ongea, mbona unanong'ona? Hilo ningelivumilia. Lililonikaa kooni ni lile la Mjomba, siku ya pili tu, watu wamejaa ukumbini kunisalimia. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema: "Alhamdulillahi, huko wamekufunza adabu. Sasa ndiyo mwanamke." Na shangazi zangu, wale wale walionifundisha kupiga vigelegele, wakaitikia.

Mnaonijua mnajua nilivyoondoka. Mkunga wa leba haongei, anapaza. Sauti yangu ilikuwa inafika hadi kwenye benchi la nje, kwa ndugu waliokaa na machupa ya chai. Mwaka 2013 nilipokwenda Herat, magharibi mwa Afghanistan, kufundisha ukunga, nilikwenda nayo hiyo hiyo. Na wasichana nilowakuta kule walinishinda kwa makelele. Darasa la watu ishirini na kitu, kila mmoja anataka kujibu yeye, mmoja anamsahihisha mwenzake, mwingine ananisahihisha mimi Kidari changu, lugha yao. Ninyi mnaodhani mwanamke wa Afghanistan ni kivuli cha buluu kinachopita ukutani, hamjakaa na msichana wa Herat anayetetea jibu lake la mtihani.

Sasa hiyo adabu mnayoisifia, ngoja niwaambie ilivyoingia mwilini. Agosti 2024 watawala, Talibani, walitangaza sheria ya vifungu 35 ya kuamrisha mema na kukataza maovu. Humo sauti ya mwanamke, akiimba, akighani au akisoma kwa nguvu mbele za watu, imehesabiwa kuwa uchi wa kusitiriwa. Uso ufunikwe. Dereva asimbebe mwanamke asiye na maharimu, yaani ndugu wa kiume wa kumsindikiza. Mimi mgeni hakuna aliyenishika. Lakini ukiwa na wenzako ambao mmoja wao akisikika barabarani, atakayeitwa kujieleza ni baba yake au kaka yake, unaanza kuteremsha sauti kwa ajili yao. Baadaye unaiteremsha hata ukiwa peke yako na ndoo yako ya maji. Juzi hapa kwenye daladala konda kaniuliza nashukia wapi. Nikageuka kumtazama kijana wa kiti cha pili, nisiyemjua, nikisubiri anijibie yeye. Abiria walicheka, na mimi nikacheka, kisha nikashindwa kabisa kulitoa jina la kituo. Nikashuka na waliokuwa wanashuka.

Hayo ndiyo Mjomba anaita adabu. Na huu ni mji uliotoa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, jamani, mji ambao nchi nzima ilikuwa inausikia redioni kwa koo za wanawake!

Kule sheria ilipotoka tu, wanawake walianza kujirekodi wakiimba na kuzituma video mitandaoni, wengine nyuso zimefunikwa kabisa, wengine wakiwa uhamishoni nyuso wazi. Walichoambiwa ni aibu ndicho walichokifanya. Nilionyeshwa moja na mwanafunzi wangu, sauti ya simu tumeipunguza hadi tunaegemeana vichwa ili tuisikie.

Mjomba ana hoja, siwezi kumnyima. Anasema kule kuna amani, bunduki zimetulia. Ni kweli vita vya barabarani vimepungua. Mimi nilikuwepo Mei 2020 habari ilipofika kwamba wenye silaha wameingia wodi ya wazazi Dasht-e-Barchi, Kabul, wakawapiga risasi akina mama vitandani. Watu 24 waliuawa, mkunga mmoja akiwemo. Sitaki mtu anifundishe vita. Lakini amani ya mwanamke kuambiwa akae ndani, hebu tuihesabu. Talibani waliingia Kabul tarehe 15 Agosti 2021. Mwezi uliofuata shule za sekondari zikafunguliwa kwa wavulana, na jengo la Wizara ya Masuala ya Wanawake likakabidhiwa wizara ya kuamrisha mema. Tarehe 23 Machi 2022 wasichana waliambiwa warudi darasani. Wakaenda na sare zimepigwa pasi, na kabla ya adhuhuri wakarudishwa nyumbani wakilia. Novemba mwaka huo wanawake wakafungiwa bustani za mapumziko na mabafu ya umma. Desemba vyuo vikuu, na siku chache baadaye kazi za mashirika yasiyo ya serikali. Aprili 2023 kazi za Umoja wa Mataifa. Julai saluni. Hakuna nchi nyingine ya Kiislamu inayomfungia msichana sekondari, Mjomba, na chuo kikuu kilipofungwa Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, alisema wazi kwamba jambo hilo linapingana na sharia. Mwulize Imamu basi kama na yeye hana adabu.

Sisi wa afya tulikuwa tumeachwa, na kwenye kuachwa huko kulikuwa na vituko. Kila mfanyakazi wa kike akisafiri kikazi sharti awe na maharimu, na shirika linalipia nauli na chakula chake. Kwa hiyo kwenye bajeti, chini ya glovu na dawa za kuongeza uchungu, palikuwa na mstari wa maharimu. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anakuja na mdogo wake wa kiume, mtoto asiyeota hata ndevu, analala kwenye benchi na kuamka wakati wa kula. Ndiye mlinzi. Tulimcheka sana yule mtoto. Kisha akaja mjane, mkunga wa miaka mingi, mikono ya dhahabu, hana baba, hana kaka, mtoto wake wa pekee ni wa kike. Hakupata mtu wa kuandikwa kwenye ule mstari. Akabaki nyumbani, na kijiji alichokuwa anakihudumia kikabaki vile vile.

Desemba 2024 wakafunga vyuo vya afya kwa wanawake. Ukunga, uuguzi, maabara, vyote. Hapa ndipo akili yangu inapogoma, na mnisamehe nikirudia. Serikali hiyo hiyo haitaki daktari mwanamume amguse mwanamke. Sawa. Na haitaki mwanamke asomee kumhudumia mwanamke. Sasa huyo mwenye uchungu azalishwe na nani? Mwaka 2002 utafiti ulikuta akina mama 1,600 wakifa kwa kila vizazi hai 100,000, na wilaya ya Ragh, kule Badakhshan milimani, ilikuwa 6,500, kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa duniani. Wakachukuliwa wasichana kutoka vijijini, wakafundishwa, wakarudishwa vijijini kwao kuzalisha, na kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa vifo vikashuka hadi chini ya nusu. Wasichana hao ndio niliokuwa nawafundisha. Siku ya amri darasa langu lilikuwa katikati ya somo la kutokwa damu baada ya kujifungua. Hatukulimaliza. Mmoja akauliza kama anaweza kwenda na modeli ya nyonga chini ya chadari yake, lile vazi la kufunika mwili mzima. Nikageukia dirishani, na niliporudisha macho mezani nyonga haikuwepo.

Mimi nilibaki kliniki hadi mkataba ulipokwisha mwaka 2025, ndiyo nikarudi. (Nilikimbia kuzimiwa intaneti kule mwisho wa Septemba, nikaja kuzimiwa hapa mwisho wa Oktoba. Mizigo yangu ilifika salama, ahsanteni.)

Kila harusi sasa naitwa meza ya mbele nitoe hadithi, na mnataka mojawapo kati ya mbili: niwalilie wale wanawake, au niwasifie utaratibu wao. Mimi ninachokumbuka ni kazi. Wanawake wa Herat alfajiri ya Oktoba na Novemba, wameinama mashambani wanachuma zafarani kabla jua halijalifungua ua, maua kama 150 kwa gramu moja. Nakumbuka tetemeko la tarehe 7 Oktoba 2023 wilaya ya Zinda Jan, asubuhi, wanaume wako nje kwenye shughuli; Umoja wa Mataifa ulisema zaidi ya asilimia 90 ya waliokufa ni wanawake na watoto. Kuta ziliwaangukia pale pale walipoambiwa ndipo penye usalama wao. Na nakumbuka wakunga waliotembea kwenye vile vifusi na mikoba yao.

Wenyeji walinisimulia pia ya zamani, miaka ya tisini, Talibani wa kwanza. Palikuwa na darasa la ushoni Herat. Wanawake wanaingia na vikapu vya nyuzi na vitambaa, chini ya vitambaa madaftari, na ndani mwalimu wa chuo kikuu anawafundisha fasihi. Watoto wanacheza mlangoni kuangalia anayekuja. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alisoma pale. Binti yake alipofungiwa chuo hakulia mbele yetu. Alitoa cherehani stoo.

Na tusijitape sana. Mimi nilijitapa kule, nikawaambia wasichana wangu kwetu binti anasoma apendavyo. Walikuwa na simu, wakasoma. Nchi yangu ilikuwa inamfukuza shule moja kwa moja mwanafunzi aliyepata mimba, mwaka 2017 kwa kauli ya Rais mwenyewe, hadi Novemba 2021 serikali ilipotangaza wanaweza kurudi. Miezi ile ile kwao sekondari zinafungwa. Sikuwa na jibu la kuwapa, nikasema tuendelee na somo.

Kwa mwenzangu anayepanga kurudi kutoka huko au kwingine, yangu ni haya. Panga chumba chako kabla hujafika. Ukikaa kwa ndugu utakuwa mali ya ukumbi. Zafarani lete, ila usitaje bei, maana ukiitaja watakuona bahili na usipoitaja wataimwaga yote kwenye biriani moja. Usionyeshe picha za wenzako, hata kwa mama yako mzazi. Picha ikitoka kwenye simu moja imeshafika Herat. Na mtu akikwambia wale wako mbali, mwambie Rwanda si mbali: shule ya bweni ya wasichana ya SOLA, aliyoianzisha Shabana Basij-Rasikh kule Kabul, ilihamia huko Agosti 2021 na wanafunzi wake, na Uganda nayo ilipokea ndege ya Waafghani mwezi ule ule.

Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kuwakamata kiongozi mkuu wa Talibani, Haibatullah Akhundzada, na jaji mkuu wao, Abdul Hakim Haqqani, kwa kuwatesa wanawake na wasichana. Mjomba kaniuliza nani atakwenda kuwakamata. Hata mimi nauliza hivyo hivyo, ila kwa sababu nyingine.

Mimi kwa sasa nina darasa. Kule wametutangulia saa moja na nusu, kwa hiyo naanza baada ya Isha ya hapa, wao wameshalaza watoto na kaka. Narekodi kwa Kidari vipande vifupi, wanavisikiliza na kuvifuta, maswali wanaandika. Tumerudi pale tulipokatizwa. Jana nilikuwa naeleza mkono mmoja unakaa wapi juu ya tumbo na mwingine unavuta vipi, na eneo hilo halielezeki kwa upole. Mjomba akagonga ukuta, watu wamelala, makelele gani haya. Nikamwambia atulie, kondo la nyuma bado halijatoka.