Bado una nafasi

Leo siku ya tano na bado namsikia. Naosha vyombo namsikia, nimekaa kwenye daladala ya Mtumba namsikia, Jumamosi wakwe wamekuja kumposa mdogo wangu na mimi nagawa soda huku namsikia, jana afisa utumishi kaniita kunipa barua ya kupandishwa daraja (ndio, ile ile niliyoililia toka mwaka juzi, imetoka) nasaini, na kichwani yuko yule nesi, "bado una nafasi."

Ni hivi. Ijumaa niliomba ruhusa kazini nikaenda kliniki ya uzazi wa mpango. Sindano mnajua nilivyoichoka nikaiacha, kila miezi 3 unakimbizana na tarehe, damu mara wiki mbili matone matone, mara haionekani kabisa unabaki kuhesabu vidole usiku, na kondomu nayo kwa baba Chiku ni mjadala kila siku. Nikasema safari hii nataka kitanzi, kile cha shaba, wengine mnaita lupu, hakina homoni, kinakaa mpaka miaka 10 na ukikichoka kabla ya hapo unaenda wanakitoa. Nilijiandaa kuulizwa kama mume wangu anajua, jibu nilikuwa nalo toka kituo cha daladala. Sikuulizwa.

Kadi mpya, nesi binti mdogo tu, kichwa chini anaandika.

"Mimba ngapi mama?"

"Tatu."

"Waliozaliwa hai?"

"Watatu."

"Walio hai sasa?"

"Wawili."

"Aah, basi bado una nafasi. Si uchukue tu vijiti vya mkononi, vile vya miaka 3?"

Nikasema eeh.

Eeh! Mtu mzima na miaka yangu 34 ndo nilichokuwa nacho mdomoni. Mnaojua habari za ule mwezi wa tano mnaelewa, wasiojua leo siwezi kurudia. Nafasi. Kama konda pale Sabasaba, nafasi ipo dada sogea nyuma, na siti anayokuonyesha wewe unajua ni ya nani.

Toka hapo nimeshamjibu sijui mara ngapi. Usiku namjibu kwa ukali, asubuhi kwa upole, bafuni namjibu kwa Kigogo kabisa. Kuna namna moja nasimama nachukua kadi yangu naondoka, hiyo ndo naipenda, ila kila nikifika mlangoni nakumbuka kwamba kweli nilisema eeh.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hana kosa la kumshika nalo. Mimi mwenyewe mtu wa masijala, siku nzima yanapita mafaili ya mirathi, mjane kasimama mbele yangu na kanga kiunoni namuuliza "nakala ngapi?" wala sijainua kichwa. Alafu ukiliondoa hilo neno moja, yule binti kanieleza vizuri kuliko mtu yeyote. Kanipa kitanzi chenyewe nikishike, kadude kadogo, herufi T ya plastiki imezungushiwa waya wa shaba, basi. Nikamuuliza yale ya mtaani kwamba kinapanda mpaka moyoni, hakucheka, kageuza karatasi kanichorea mfuko wa uzazi, kaniambia nionyeshe njia ya kwenda moyoni iko wapi. Kasema miezi ya mwanzo hedhi inaweza kuwa nzito na tumbo kukaza, na mara chache kinachomoka chenyewe ndo maana nijue kupapasa nyuzi zake zinazoishia ukeni, na magonjwa ya zinaa hakizuii nisijidanganye. Nirudi siku zangu zikianza, wawe na uhakika sina kitu tumboni. Na ni bure.

Baba Chiku nilimwambia jana usiku, nilikuwa namsubiri arudi safari. Nikaeleza yote, miaka 10, shaba, nyuzi. Kimya. Alafu anauliza, "Sasa hizo nyuzi hazitaninasa? Mi sio perege wa Mtera." Jamani. Nilicheka mpaka Daudi kaamka, nikawa nambembeleza mtoto huku nacheka, nikamwambia nesi kasema zinalainika na zikisumbua zinapunguzwa, akasema haya, lakini ikitokea ajali we ndo utaenda kuwaelezea hospitali.

Ndo nikamwambia na lile la nafasi. Akakaa kimya nikajua kalala.

"Waliozaliwa ulimwambia wangapi?"

"Watatu."

"Akaandika?"

"Akaandika."

"Basi yumo."

Akageukia ukutani. Sijui kama alilala, mimi nililala.

Asubuhi nimeitoa kadi kwenye pochi nikaiangalia ndani ya daladala. Iko pale 3, peni ya bluu, mkia kaurefusha kidogo. Na masijala tunajua, kilichoandikwa kwa peni hakifutwi hivi hivi.

Siku zangu kama sijakosea hesabu ni wiki ijayo, naenda, na vijiti sitaki.

Ila huu upepo wa Agosti wenzangu, hapa naandika bati la jikoni linapiga kama mtu anagonga hodi, misumari imeachia upande mzima, na fundi hela nimeshamtumia toka Jumanne iliyopita, leo nampigia hapatikani.