Nilivyobana rekodi za televisheni bila kumpoteza baba

Ushauri ulioniponza nilipotaka kubana rekodi, yaani kupunguza ukubwa wa faili lake, ni huu: "Lenga megabaiti 700 tu, ndivyo wanavyofanya wote." Aliyeniambia hakuuliza rekodi ina urefu gani, ina picha za namna gani, wala nitaitazamia wapi. Nikamsikiliza, na nusura nipoteze kitu ambacho sitakipata tena popote.

Ni kipindi cha muziki cha saa 1 ambamo marehemu baba yangu anapiga gitaa la solo. Nilikirekodi mwenyewe, picha ya mistari 1080, gigabaiti 4.5. Diski ilikuwa imejaa, nikakibana kifikie hizo 700, nikaenda kulala. Asubuhi nilipokifungua, moshi wa jukwaani ulikuwa umegeuka miraba miraba inayorukaruka, na mwanga wa zambarau nyuma ya bendi ulikuwa umekatika ngazi kwa ngazi badala ya kufifia taratibu. Kibaya zaidi ni vidole. Kila baba anapoteleza mkono kwenye shingo ya gitaa, vidole vinaota meno kama ya kitana. Nilisimamisha picha hapo, nikaikodolea macho muda mrefu. Sauti ilikuwa ileile. Mtu ndiye hakuwepo. Namshukuru Mungu sikuwa nimefuta faili asili.

Hesabu ya kosa ni nyepesi. Gigabaiti 4.5 kwa saa 1 ni kama megabiti 10 kwa sekunde. Megabaiti 700 kwa saa hiyohiyo ni kama megabiti 1.6 tu kwa sekunde. Msomaji wa habari aliyetulia mezani anaweza kutosheka nazo. Moshi, taa zinazozunguka na watu wanaocheza hawatosheki. Kwa hiyo usiipangie programu ukubwa wa faili, ipangie ubora, ukubwa utajipanga wenyewe. Kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubana video, kipimo hicho kinaitwa RF: namba ikishuka picha inakuwa nzuri zaidi na faili linakua. Na tusidanganyane: kubana upya kwa namna hii hupoteza kitu daima. Tunachotafuta ni kupoteza kile tu ambacho jicho halitagundua kuwa kimepotea.

Yale meno ya kitana yalinichukua wiki nzima kuyaelewa. Rekodi yangu haikuwa na picha kamili 25 kwa sekunde, bali nusu-picha 50: moja ina mistari ya witiri, inayofuata ina mistari ya shufwa. Televisheni huziunganisha yenyewe kimyakimya, ndiyo maana rekodi ya asili ilionekana safi. Nilipoibana bila kuzishughulikia, nusu mbili za nyakati tofauti zilishonwa pamoja, na mkono ulioenda kasi ukachanika. Dawa ni kichujio cha Yadif au Bwdif, kwenye sehemu ya vichujio. Mimi huchagua mpangilio wake uitwao Bob, kisha kasi ya fremu, yaani picha kamili kwa sekunde, naweka 50, ili kila nusu-picha iwe fremu yake. Ukiacha 25 meno yanaondoka, lakini ule mtelezo laini wa mkono unaondoka nao.

Sasa ujanja ninaojivunia. Sikubana tena kipindi kizima ili kujaribu. Nilitafuta sekunde 30 ngumu kuliko zote, pale moshi unapofumuka, taa zinawaka na kamera inamkimbilia baba, nikazibana peke yake kwa RF 18, 20, 22 na 24. HandBrake inakubali uchague kipande kwa sekunde. Kisha nikazitazama kwenye televisheni kubwa, si kwenye kidirisha cha kompyuta, nikisimamisha palepale mkono unapoteleza. Kwenye 24 nyuzi za gitaa zilianza kuyeyukiana. Kwenye 20 niliweza kuzihesabu, na kwenye mkono na nyuzi sikuona tofauti na asili. Kipande kigumu kikipita, kipindi chote kinapita.

Ngazi za mwanga wa zambarau zilibaki kidogo hata hapo. Nilipohamia H.265, njia mpya zaidi ya kubana video, ya biti 10, yaani yenye ngazi nyingi zaidi za rangi, zikaisha. Kuna aliyenihimiza nitumie kadi ya michoro kwa sababu ni ya haraka. Ni kweli ni ya haraka, lakini kwangu ilitoa faili kubwa zaidi kwa picha ileile. Niliiachia prosesa, kwa mwendo wa polepole, usiku kucha. Kompyuta kukesha hakuniumizi.

Matangazo ya biashara yakate mapema. Yangu yalikuwa dakika 12 hivi, na kuyaondoa kwa kukata bila kubana upya hakugusi ubora hata chembe. Sauti nayo iache ipite kama ilivyo: ya kilobiti 256 kwa sekunde ni megabaiti 115 tu kwa saa. Kulikamua gitaa la baba kwa ajili ya megabaiti hamsini ni dhuluma.

Faili lilitoka gigabaiti 1.4. Kabla ya kuliamini nilitazama dakika tano za mwisho, maana mawimbi yakiyumba wakati wa kurekodi, sauti na midomo huachana kadiri kipindi kinavyoendelea. Havikuachana. Rekodi nyingine nimezibana kwa njia hiyohiyo na asili zake nimezifuta. Asili ya kipindi cha baba ipo kwenye diski mbili, na haitoki.