Abiria kalipa 68, mimi nimepata 37: hela ya teksi London inaenda wapi?

Wakuu, nimekasirika na nataka niandike hasira zikiwa bado za moto, maana zikipoa nitaandika kwa adabu na hamtanielewa.

Jana alfajiri nimempeleka mama mmoja Heathrow kutoka huku Leyton. Mvua inanyesha, tumeshika barabara ya North Circular, foleni ya kufa mtu, mama wa watu ana wasiwasi wa ndege lakini mstaarabu sana. Tumefika, namshushia mabegi, ananiuliza kwa upole kabisa, samahani dereva, hivi kwa nini siku hizi mnatutoza ghali namna hii? Akanigeuzia simu nione. Pauni 68. Mimi nikamgeuzia ya kwangu. 37. Tukabaki tunaangaliana pale na mvua yetu. Kumbe yeye safari nzima alikuwa ananiona mimi ndo mwizi, na mimi nilikuwa nashangaa safari ndefu vile kwa hela ya mboga. Akauliza, sasa hiyo nyingine anachukua nani? Kampuni ya hiyo apu siitaji jina, na kwa ninayoyasikia kwa wenzangu sio moja.

Najua kuna mtu atasema 37 kwa safari moja si zaidi ya laki, unalia nini. Ndugu yangu, toa humo kodi ya gari ya wiki, toa bima ya biashara ambayo ni mara kadhaa ya bima ya gari la nyumbani, toa chaji, toa matengenezo, afu kutoka Heathrow kurudi mashariki ya London unaweza kurudi mtupu kabisa. Na foleni ile ilikula karibu masaa mawili. Kinachobaki ukikiweka kwenye kodi ya chumba cha London utanielewa.

Nataka niongelee hii biashara yenyewe, maana nyumbani story inayosimuliwa ni moja tu: teksi za zamani zilikuwa zinaumiza watu, apu zimekuja zikashusha bei, wenye teksi wakalia, mwisho. Hata mimi nilikuwa naamini hivo nikiwa Dar. Mjomba wangu alikuwa na teksi kijiwe cha Mwenge, Corolla nyeupe yenye mstari, na mnajua bei za kijiwe zilivyokuwa, ukishuka na begi kubwa tu bei inapanda, ukiwa na mzungu inapanda mara mbili. Uber ilivyoingia Dar 2016 watu walishangilia na walikuwa na haki ya kushangilia. Safari za elfu ishirini zikawa elfu saba. Mjomba na wenzake walikaa pale kijiweni wanaangalia IST na Passo zinachukua abiria mbele ya macho yao, wakaanza kuuza magari mmoja mmoja. Watu wakawasema, wacha wafe, walizidi.

London hapa ilikuwa hivyo hivyo ila kwa heshima zaidi. Teksi nyeusi unazoziona kwenye TV sio gari tu, ni mtihani. Dereva wake anatakiwa aweke kichwani mitaa kama 25,000, yote iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, pale katikati ya jiji, pamoja na hospitali, mahakama, hoteli, vituo vya polisi, na aweze kumtajia mtahini njia kona kwa kona bila ramani. Watu wanasomea miaka mitatu, minne. Mpaka leo ukipita asubuhi ya Jumapili utawaona kwenye vipikipiki wana ubao mbele una karatasi, mvua, baridi, wanakariri mitaa. Mtihani upo tangu 1865. Watafiti wa chuo cha UCL walipima ubongo wa hawa madereva, majibu yakatoka mwaka 2000, wakakuta sehemu inayohusika na kukumbuka njia imekua kuliko ya watu wengine. Yaani kazi imebadilisha kichwa cha mtu. Na malipo yake yalikuwa haya: bei ya mita inapangwa na mamlaka ya jiji, TfL, iko wazi, abiria anaiona inavyotembea na dereva anaiona hiyo hiyo.

Uber imeingia hapa 2012 na ramani ya simu ikafanya ile miaka minne ionekane haina kazi. Juni 2014 teksi nyeusi kwa maelfu zikajaa Trafalgar Square na mitaa ya karibu kupinga, jiji likasimama, na siku hiyo hiyo Uber ikatangaza watu wanaojisajili wamepanda kwa asilimia 850. Yaani mgomo ukawa tangazo la bure. Wakati ule walikuwa kama 25,000 wenye leseni ya teksi nyeusi, leo hawafiki 20,000, na sisi wa magari ya kuagiza kwa simu tumepita laki moja. Kwa hiyo ukisema nani kashinda, kwa kuhesabu vichwa tumeshinda sisi.

Tumeshinda nini sasa?

Wabongo na Wasomali wa zamani wa hapa wanasimulia kabla ya apu walikuwa wanafanya minikebu, yaani teksi za ofisi za mtaani ambazo abiria alikuwa anapiga simu kuagiza. Ilikuwa na shida zake nyingi, ofisi yenyewe chumba kimoja chini ya daraja la treni, bosi anapendelea ndugu zake, safari nzuri za airport wanapeana wao kwa wao. Lakini mpango ulikuwa unamlipa bosi ada ya wiki, ukishamaliza ada yake kinachobaki chote chako, na abiria anakulipa mkononi. Kama vile hesabu ya Dar, ukishapeleka hesabu ya bosi jioni hakuna mtu wa kukuuliza. Kwa hiyo mzee wa minikebu alijua bei. Dereva wa teksi nyeusi alijua bei. Mjomba pale Mwenge, pamoja na uhuni wote wa kijiwe, alijua bei na abiria aliijua, walibishana wakakubaliana wakapanda.

Sasa hivi mimi sijui. Simu inalia, ina sekunde chache inaniambia utapata kiasi hiki, kubali au kataa. Abiria kaambiwa kiasi kingine upande wake. Katikati yetu kuna mtu anayeona namba zote mbili, na ni yeye peke yake. Zamani ilikuwa asilimia 25, inauma lakini unaijua, unapiga hesabu. Sa hivi kila safari ina makato yake. Chuo Kikuu cha Oxford kilitoa utafiti Juni 2025, wamechambua safari milioni 1.5 za madereva wa Uber wa hapa Uingereza waliojitolea data zao, wakakuta makato yamepanda kutoka 25 hadi 29 kwa wastani na kuna safari kampuni inachukua zaidi ya nusu. Nilivyosoma nilijisikia vizuri kidogo kwamba sio mimi ninayeota, afu nikajisikia vibaya zaidi. Na ndiyo, kuna VAT humo na kuna gharama za kuendesha mtandao, sikatai, basi waandike kwenye risiti yangu, VAT hii, mtandao huu, faida yetu hii. Mbona mwenye genge la nyanya Tandale ukimuuliza anakwambia kanunua ngapi?

Kuna jambo lilinitokea majira ya baridi yaliyopita na sijawahi kuliandika. London kuna vibanda vya kijani, vya mbao, vimebaki 13 tu, vilijengwa kuanzia miaka ya 1870 kwa ajili ya madereva wa teksi za farasi wapate chai. Ndani wanakaa wenye leseni ya teksi nyeusi tu. Sisi wengine tunanunua dirishani. Nimesimama dirishani Russell Square, usiku, baridi imefika kwenye mifupa, mfukoni nina kadi na mashine ya mama muuzaji imekufa anataka keshi. Nageuka niondoke, mzee mmoja wa teksi nyeusi akatoka ndani na vikombe viwili, kimoja akanipa. Nilitegemea maneno. Maana hawa watu wametutukana sana kwenye mataa, dirisha linashushwa unaitwa majina ambayo siwezi kuandika hapa, rudi kwenu ndo ya heshima kabisa. Yule mzee akasimama nje na mimi kwenye baridi na kibanda chenye joto kipo nyuma yake. Akaniuliza, kijana, mnalipwaje nyinyi? Nikamfungulia simu nikamwonyesha wiki nzima. Akaweka miwani, akasoma mstari mmoja mmoja kwa kidole. Akasema, miaka yote hii nilijua nyinyi ndo mnaokula. Akaniambia mwanae amekataa kusomea ile mitaa, na gari yake mpya ya umeme ilizidi pauni 60,000 na bado anailipa. Tangu 2024 hata wao wameruhusiwa kuingia Uber na wapo wenzake walioingia. Yeye hataki. Nikamwambia asiingie.

Ile chai ilinifunza zaidi ya mkutano wowote. Tumegombana miaka kumi na mtu ambaye siye.

Na msidhani hakuna kilichofanyika. Yaseen Aslam na James Farrar, madereva kama sisi, walienda mahakamani dhidi ya Uber mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 19 Februari 2021 majaji wote wakasema dereva ni mfanyakazi, ana haki ya kima cha chini na likizo ya malipo. Siku ile kuna watu wazima walilia kwenye magari yao. Lakini kampuni ikaja kuhesabu muda kuanzia ukikubali safari mpaka umshushe abiria, muda wa kukaa umesubiri simu ilie ni wa kwako na njaa yako. Ndo maana utaona magari yamejipanga mitaa ya nyuma usiku wa manane, taa zimezimwa, mtu yumo ndani.

Kwetu nako tulijaribu. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, 2022 ikasema makato mwisho asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma Tanzania, na mwanzoni mwa 2023 ikarudi baada ya kiwango kupandishwa hadi 25. Kenya sheria ikasema 18, na 2024 madereva wa Nairobi wakachapisha bei zao wenyewe wakabandika ndani ya magari. Dar dereva anakupigia, uko wapi, unaenda wapi, unalipa keshi? Afu anakuomba ukansel muende ofulaini. Abiria wanalalamika wanasema hawa madereva wana roho mbaya. Mimi nikisikia hivyo najua tu yule kijana kaangalia makato, kaangalia na mafuta, kaona haimlipi.

Sasa mpwa wangu na wengine mnaonitumia meseji anko nitafutie mchongo wa kuendesha London, someni hapa taratibu. Leseni ya Tanzania au Kenya unaendeshea mwaka mmoja tu, baada ya hapo unafanya mtihani wao upya, na haibadilishwi kaunta. Leseni ya kubeba abiria ni nyingine, inataka uwe na leseni ya gari miaka isiyopungua mitatu, vipimo vya daktari, uchunguzi wa polisi, mtihani wa Kiingereza na wa ramani. Tangu 2023 gari linalosajiliwa London kwa mara ya kwanza kwa kazi hii lazima liwe la umeme au liwe na uwezo wa kwenda bila moshi, kwa hiyo ile Prius ya bei rahisi uliyoiona kwenye picha ya mtu sahau. Ada ya gari kuingia katikati ya jiji teksi nyeusi hawalipi, sisi tunalipa tangu Aprili 2019. Na ukija na viza ya mwanafunzi hauruhusiwi kujiajiri, narudia hauruhusiwi, kuna watu watakuja kukukodishia akaunti zao kwa wiki, wanajiita kaka, ni Waswahili wenzetu kabisa. Siku ukigonga bima haipo, siku ukikamatwa yeye hakujui na viza imekwenda. Ukiwa na kibali halali na unapenda usukani, angalia basi. Dereva wa basi hapa analipwa kwa saa, ana chama cha wafanyakazi, akiumwa kuna utaratibu.

Na haraka haraka, Waymo, kampuni ya Kimarekani, wametangaza wanaleta London magari yasiyo na dereva kabisa. Mtu anayekopa leo gari la umeme la miaka mitano alifikirie hilo kabla hajasaini.

Jumapili hii baada ya adhuhuri tunakutana Ilford, Wabongo, Wakenya, Wasomali, yeyote anayeendesha. Kila mtu aje na picha za risiti zake za mwezi huu, na kama una abiria aliyekubali kukuonyesha alicholipa njoo na hiyo, ficha jina lake. Tunaziweka mezani pande zote mbili, safari kwa safari, tunazijumlisha. Nimemwambia na yule mzee wa teksi nyeusi, kasema anakuja.