Bwawa lilitugomea, tukateleza kwa turubai

Jirani ndiye aliyeniponza. "Nendeni bwawa la kuteleza Idi Pili, ndiyo kunachangamka." Mabwawa ya kuteleza yakichangamka, maji ndiyo yanapochafuka, na mimi niliyezeekea kwenye bomba na pampu nilipaswa kulijua hilo. Tukatoka Bagamoyo watu saba na kosta ya Makumbusho, Dar. Nauli, bajaji na kiingilio vikala laki na ushee. Pilau letu likazuiwa getini. Mpwa wangu wa miaka minane akasimamishwa kwenye kijiti cha kupimia, akapungua vidole viwili, basi slaidi kubwa akaziona kwa macho tu. Wapimeni watoto kwenye fremu ya mlango nyumbani, mpige simu kuuliza wanataka sentimita ngapi.

Waliofikia kijiti nao hawakufaidi. Slaidi iliyokuwa wazi ni moja, na maji yake yalichuruzika kama ya bomba la mgao. Mwili hutelezea maji. Plastiki kavu inakuchubua. Pampu ilikuwa inakoroma kama inasaga kokoto. Pampu ikitoa sauti hiyo jua upande wa kunyonya umebanwa au unavuta hewa: umati umerusha maji nje, kina kimeshuka chini ya mdomo wa skima (tundu la ukingoni linalonyonya maji ya juu), kikapu cha chujio kimejaa nywele. Kusafisha chujio hakufiki nusu saa. Zima, funga valvu, safisha kikapu, kagua mpira wa kifuniko, jaza chujio maji mpaka juu, funga kifuniko, fungua valvu, washa. Nikamwambia kijana wa pale. "Mzee, fundi yuko sikukuu." Haya.

Na ile harufu! Kila mtu analalamika klorini imezidi. Mara nyingi ni kinyume chake: klorini imekutana na jasho na mikojo, ikageuka kitu kinachonuka na kuwasha macho, na iliyobaki ya kuua vijidudu ni kidogo. Bwawa linalotunzwa lina klorini huru (ile ambayo haijatumika bado) miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.2 hadi 7.8, na halikupigi puani. Kama huna kipimo, simama ukingoni: usipouona vizuri wavu wa kutolea maji kule chini, mtoto asiingie.

Watoto walirudi viwiko vimechubuka, wamenuna. Nikaapa Jumamosi watateleza Kaole, uani kwa mama mkwe.

Kaole ni tambarare, kwa hiyo nikaleta mchanga, nikaulundika mita moja na nusu kwenda juu, ukashuka taratibu kwa mita nane, kisha mita nne za bapa za kupunguzia mwendo. Ukiukatisha ghafla mtoto anatua kwenye kitako.

Jaribio la kwanza nilitandika nailoni nyeusi, ile ya chini ya zege. Saa saba mchana ilikuwa kikaango. Yule yule jirani akapita: "Paka mafuta ya kula, utaona." Nikapaka, tena lita nzima. Mafuta yakashika mchanga, mchanga ukawa msasa, na kwa kuwa sikutaka kumtoa mtoto wa mtu kafara nikashuka mwenyewe. Nilifika katikati nikasimama tuli kama gunia la chumvi, suruali imebaki nyuma. Mama mkwe alilazimika kuingia ndani kwa heshima, lakini kicheko nilikisikia.

La pili nikatumia maturubai ya bluu mawili, la juu likalalia la chini nusu mita, kama unavyoezeka makuti. Ukikosea ukaweka kinyume, kisigino kinanasa kwenye mshono. Usichome kingo kwa nondo wala vigingi. Vinang'oka, vinachana turubai na miguu. Mimi nilipanga makumbi ya nazi pande zote mbili, nikayafunika kwa kingo za turubai na kufukia ncha zake kwenye mfereji wa upana wa jembe. Hapo ukuta laini umepatikana, mtoto haendi pembeni.

Maji: bomba la nusu inchi limelazwa kileleni, nimelitoboa matundu ya milimita tatu kila baada ya sentimita kumi, ncha nimeiziba, linalishwa na simtanki la lita 1000 lililoinuliwa kwenye matofali. Ukiliacha wazi tangi linakwisha kama saa moja, kwa hiyo mkubwa mmoja anashika koki: mtoto akikaa anafungua, akifika chini anafunga. Tulikwenda mpaka alasiri. Pampu ya kujazia tangi niliiwasha kabla watoto hawajaja, nikaichomoa kabisa, maana umeme na miguu mibichi havikai uani pamoja. Sabuni ya unga inaunguza macho. Tia shampoo ya watoto vijiko viwili kwenye ndoo ya lita 20, mwagia mara mojamoja. Washuke kwa kitako, miguu mbele, mmoja mmoja. Maji yote yakaishia kwenye migomba.

Kesho yake watoto walikuja alfajiri na taulo zao. Maturubai hayapo. Mama mkwe kashayafua, kayatandaza juani, kaanikia dagaa.