Kemia kama somo la pili chuoni: hesabu mihula kwanza

Anayetaka kusoma kemia kama somo dogo kando ya biolojia au hisabati, awe chuo cha Maseno, Njoro au Kakamega, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni uniti ngapi. Jibu limo katika mwongozo wa idara, tena toleo la mwaka uliosajiliwa wewe, si la rafiki aliyekutangulia. (Kurasa za vyuo vya Marekani, ambako somo dogo mara nyingi huwa krediti 18 hadi 24, hazitakusaidia hapa Kenya.) La kuuliza zaidi ni hili: uniti ipi inaifungua ipi, na inafundishwa muhula gani?

Bila uniti za mwaka wa kwanza, yaani muundo wa atomu, moli, gesi na msingi wa kemia ogani, huingii kemia ogani ya juu, uchanganuzi wala kemia ya kifizikia. Na uniti nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukianguka ile ya Septemba, Januari haikufai. Utangoja Septemba nyingine, na zote zinazoitegemea zitasogea pamoja nayo. Kwa hiyo panga kinyumenyume: andika uniti ya mwisho unayohitaji, kisha inayotangulia, hadi ufike muhula huu. Mihula ikiwa haitoshi, nenda kwa mkuu wa idara sasa, usingoje mwaka wa nne.

Kemia ya kifizikia ndiyo huangusha wengi, na kisa chake ni hesabu. Kasi ya mmenyuko na themodainamiki zinadai kalkulasi na logi asilia. Hata kama mwongozo haukulazimishi, soma uniti moja ya kalkulasi mapema.

Halafu kuna maabara. Kwa hesabu inayotumika sana vyuoni Kenya, saa 3 za maabara huhesabiwa kama saa 1 ya mhadhara. Kwenye karatasi ni kitu chepesi. Kwenye ratiba ni alasiri nzima, na ripoti juu yake. Linganisha ratiba na maabara za somo lako kuu kabla ya kujisajili, maana mgongano wa namna hiyo hautatuliwi kwa kuazima daftari la mwenzako.

Titresheni (kupima ukolezi wa myeyusho kwa kuumenyusha na mwingine) ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, haikutayarishi vya kutosha. Kule mara nyingi ulipewa myeyusho wenye ukolezi unaojulikana; chuoni utauthibitisha mwenyewe. Chukua hidroksidi ya sodiamu 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita. Kwa cm³ 250 unapima gramu 1.00, lakini chembe zake hufyonza unyevu na kaboni dioksidi wakati bado ziko kwenye mizani, kwa hiyo gramu hiyo haiaminiki. Ndiyo maana unaupima myeyusho dhidi ya potasiamu haidrojeni fthaleti iliyokaushwa: gramu 0.51 zake zinahitaji takriban cm³ 25 za alkali. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Kiashiria, fenolftalini, kikigeuka waridi hafifu na rangi ikadumu sekunde 30, simama. Baadaye itafifia yenyewe kwa kaboni dioksidi ya hewani, usiongeze tone.

Majibu yakikataa kukaribiana ndani ya cm³ 0.1, tazama kwanza kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, kisha faneli iliyosahauliwa juu yake ikidondosha. Visababu hivyo viwili huharibu usomaji kuliko kemikali mbovu. Pipeti nayo isipulizwe: tone linalobaki nchani limeshahesabiwa na aliyeitengeneza.

Kwa anayelenga kufundisha sekondari, somo dogo katika shahada ya sayansi halimfanyi mwalimu wa kemia. TSC, tume inayoajiri walimu, hutaka wastani wa C+ katika KCSE na C+ katika masomo yote mawili ya kufundishia, na asiye na shahada ya elimu huongeza stashahada ya uzamili ya elimu. Mwenye C ya kemia ajue hilo kabla ya kulipa karo ya uniti hizo.